Gobi na kamba wake hawaonekani mchana, tangi la lita 120

Fuoni_Baharini
Assalaam alaykum. Tangi langu ni sm 90 × 35 × 40, mawe kilo 15, mchanga sm 3. Ndani mna gobi mmoja (samaki mdogo wa chini) na kamba wake mchimbaji (mdudu wa jamii ya uduvi, hukaa naye shimo moja), samaki aina ya nemateleotris wawili (weupe mbele, wekundu nyuma, pezi refu la mgongoni) na damseli wawili, samaki wadogo wa buluu. Maji ya bahari, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), amonia na nitriti (sumu za uchafu wa samaki) sifuri, joto mchana nyuzi 30.5. Nawalisha vipande vikavu. Gobi hatoki mpaka taa zizimwe, na nemateleotris mmoja kajibana kona ya juu nyuma ya pampu. Nipunguze mawe ili waonekane?

Mwamba_Chake
Waalaykum salaam. Usipunguze hata jiwe moja, shekhe. Samaki hawa hutoka nje wanapojua shimo liko karibu. Ukiwanyima maficho watazidi kujificha.

Tatizo la kwanza ni damseli. Kwenye tangi la ukubwa huo hao ndio wenye mtaa, na wote waliobaki ni wapangaji. Watoe. Kuwafukuza kwa wavu ni kuwatisha wengine bure: kata shingo ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, igeuze iingie ndani ya chupa, tia chakula, uilaze chini. Damseli ni walafi, kwa kawaida ndio wanaoingia mwanzo.

Nemateleotris aliye kona ya juu anapigwa, ama na damseli ama na mwenzake. Wawili wasiokubaliana kuwa mke na mume hawakai pamoja kwenye tangi dogo. Damseli wakiondoka na bado akawa juu, mtoe mmoja.

Mchanga wa sm 3 haumtoshi kamba. Ongeza ufike sm 7 au 8, kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na uchanganye mchanga laini na vipande vya makombe vya mm 2 hadi 10. Mchanga laini mtupu hauna cha kushikilia dari, shimo hubomoka kila akichimba. Na mawe yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, maana kamba akichimba chini ya jiwe litamwangukia, au lipasue kioo. Zika pia vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki la nusu inchi, urefu sm 12, vilale mshazari na ncha zote mbili ziwe wazi.

Uduvi_Mbichi
Naongezea chakula. Vipande vikavu vinaelea juu, na samaki mwoga hapandi juu. Nunua uduvi mbichi soko la Darajani (ule mkavu wa chumvi haufai), suuza, ukate mdogo, ugandishe kwa vipande vidogo. Zima pampu dakika 10, kisha kwa sindano ya ml 20 iliyofungwa mpira wa dripu sukuma chakula polepole karibu na mdomo wa shimo. Mara mbili kwa siku, kiasi cha kumalizika kabla hujawasha pampu.

Taa nayo: washa ya chumba kwanza, ya tangi nusu saa baadaye. Mwanga wa ghafla huwarusha, na nemateleotris hupita kwenye uwazi mdogo kuliko unavyodhani. Funika kwa wavu wa nailoni wa matundu ya mm 5 au 6, na pale nyaya zinapopita ziba kwa sponji. Usitumie wavu wa chuma, unaliwa na chumvi.

Mwamba_Chake
Joto nalo: 30.5 ni juu mno, maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Feni ndogo ipulize juu ya maji, itashusha nyuzi 2 au 3. Wakati wa masika haitasaidia sana, hewa imejaa unyevu. Maji yanayopungua ni matamu, chumvi inabaki, kwa hiyo jazia maji matamu kila siku. Ya kisima acha. Ya mvua kutoka bati jipya pia acha, zinki inaua kamba kabla ya samaki.

Na uwe na pampu ya hewa ya betri. Aliyekuwa na tangi Unguja wakati umeme ulipokatika kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 haambiwi mara mbili.

Fuoni_Baharini
Shukran. Leo nimekuta kamba amelala ubavu nje ya shimo, mwepesi, mwanga unapita mpaka upande wa pili. Ndo kafa?

Uduvi_Mbichi
Tazama mgongoni. Ikiwa umepasuka na ndani hamna kitu, hilo ni ganda, kajivua. Liache humo humo, wengine hulila. Mwenyewe atakaa ndani siku kadhaa mpaka ganda jipya liwe gumu, na gobi atabaki mlangoni. Wakati huo usiguse mchanga wala mawe.