Mama ana kisukari, amepata mshtuko wa moyo bila kuumwa kifua

Mwana wa Ngamiani:
Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61 na ameishi na kisukari kwa miaka 14. Mwezi uliopita aliamka alfajiri akitokwa na jasho jingi, akihema kwa shida na kusikia kichefuchefu, lakini kifuani hakuumwa hata kidogo. Zahanati ya kwanza ilisema ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya kutuliza asidi, tukarudi nyumbani. Kesho yake alizidiwa, na ni hospitali ya pili iliyompima umeme wa moyo ikagundua mshtuko wa moyo uliokwisha kupita siku nzima. Sukari ilisoma 19, wakamwekea insulini kwa dripu ingawa nyumbani hutumia vidonge tu. Naomba kueleweshwa: inawezekanaje sehemu ya moyo ife bila mtu kuumwa, na je, ni kweli, kama muuguzi mmoja alivyoniambia, kwamba mwenye kisukari hupona kwa shida kuliko wengine?

Tabibu Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Maumivu ya moyo hupitishwa na neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazotoka kwenye msuli wa moyo kwenda kwenye uti wa mgongo, na sukari iliyokaa juu kwa miaka mingi huziharibu neva hizo kama inavyoziharibu zile za nyayo. Muulize mama kama huwa anasikia ganzi au kuchomwachomwa miguuni. Neva zikishachoka, kinachobaki ni jasho, kichefuchefu, kuhema na uchovu usioelezeka, dalili ambazo kila mmoja wetu ana jina lake jepesi la kuzipa: gesi, malaria, vidonda vya tumbo.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Wagonjwa wengi wa kisukari huumwa kifua kama watu wengine, na wapo wasio na kisukari, hasa wanawake na wazee, ambao hawaumwi. Utafiti wa Framingham ulioanza Marekani mwaka 1948, ambao washiriki wake walipimwa umeme wa moyo mara kwa mara kwa miongo mingi, ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya mishtuko ya moyo ilipita bila kutambuliwa wakati inatokea. Kwa hiyo siilaumu zahanati kwa kuwaza tumbo; nailaumu kwa kutowaza kitu kingine. Kwa mama wa umri huo mwenye kisukari, jasho na kuhema vilitosha kudai kipimo cha umeme wa moyo, ambacho miongozo hutaka kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike, na kama hapo hakuna mashine, apewe rufaa papo hapo.

Muuguzi wa Zamu:
Kuhusu insulini: moyo ukiumia, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotizoli, na ini huachia sukari, hivyo ile 19 haikuwa ya chakula peke yake. Dripu hupunguzwa au kuongezwa kila saa kwa kadiri kipimo kinavyosoma, jambo ambalo kidonge hakiwezi. Metformini, kidonge cha kisukari, nayo husimamishwa figo au mzunguko wa damu ukiyumba, kwa hofu ya asidi kujaa katika damu. Wengi hurudi kwenye vidonge vyao baadaye.

Mwana wa Ngamiani:
Ahsanteni, wakubwa zangu. Sasa tupo Dar es Salaam, na picha imeonyesha mishipa mitatu ya moyo imesinyaa. Madaktari wanapendekeza upasuaji wa kupandikiza mishipa, lakini kaka yangu anataka stenti, kile kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, kwa sababu anaogopa mama kupasuliwa kifua.

Daktari wa Moyo:
Muuguzi aliyekuambia habari ya kupona hakukosea. Katika utafiti wa GUSTO-I, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 41,000 waliopewa dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 10.5 ya wenye kisukari na asilimia 6.2 ya wasio nacho. Kuchelewa kufika hospitali ni sababu mojawapo tu. Wenye kisukari mara nyingi huwa na mishipa mingi iliyoharibika, figo dhaifu, na msuli wa moyo unaoshindwa kazi upesi baada ya kuumia.

Kuhusu kaka yako, hofu yake naielewa, lakini utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012 ulilinganisha njia hizo mbili kwa wagonjwa 1,900 wa aina ya mama, wenye kisukari na mishipa zaidi ya mmoja iliyoziba. Ndani ya miaka 5, kifo, mshtuko wa moyo au kiharusi viliwapata asilimia 18.7 ya waliopasuliwa na asilimia 26.6 ya waliowekewa stenti. Kiharusi peke yake kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa, na hilo msifichwe. Tena wagonjwa wa utafiti huo hawakuwa katikati ya mshtuko, kwa hiyo waulizeni madaktari figo za mama zikoje, moyo unasukuma damu kwa asilimia ngapi, na wanataka asubiri siku ngapi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji.