Peugeot 504 zimepukutika, Land Rover 109 bado zinabeba magunia: kwa nini huku Nyanda za Juu Kusini?

NJIA PANDA MAKAMBAKO

Habari zenu wakuu. Kuna magari yaliyokuwa yamejaa barabara ya TANZAM (ile ya kwenda Zambia) kuanzia Iringa hadi Tunduma: Peugeot 504, Volkswagen Beetle, pikapu za Datsun 1200, Land Rover 109. Leo 504 inayotembea inatafutwa kwa tochi, Beetle ndiyo usiseme, Datsun ni moja moja. Lakini ukipanda Makete au ukiingia vijijini Chunya, Land Rover za umri uleule bado zinapiga kazi. Jibu la "ni magari ya zamani" haliniingii akilini, maana yote ni ya zamani. Kwa nini hili lipone na lile life?

Pia kuna 504 station wagon ya petroli, injini ya 2000, inauzwa huku kwetu. Imekaa juu ya mawe muda mrefu. Naomba mafundi mnieleze cha kukagua kabla ya kutoa hela.

FUNDI WA SAE

Mkuu, gari linakufa siku kipande kimoja kinapoharibika na hakuna cha gari jingine kinachokubali kukaa pale. Anzia hapo, utaelewa tofauti ya 504 na 109.

Kwenye 504 station wagon propela shafti haiko wazi kama ya Toyota. Imo ndani ya bomba la chuma lililofungwa kuanzia mkiani mwa giaboksi hadi kwenye difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma), na bomba hilo ndilo linaloizuia ekseli ya nyuma isijipindue unapokanyaga mafuta. Ndiyo maana gari lile lilitulia sana kwenye rafu likiwa limejaa mzigo. Tatizo linakuja giaboksi ikifa. Ya Toyota au Nissan haiingii bila kulikata bomba, na ukilikata lazima ubadilishe ekseli nzima na springi zake. Kazi hiyo inazidi thamani ya gari. Kwa hiyo watu walihamisha giaboksi ya 504 nyingine, kisha hedi ya nyingine, kisha kioo cha mbele. Kila inayopona imekula mwenzake.

Injini yenyewe ni ngumu. Kinachoiua ni joto, na chanzo mara nyingi ni feni. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Inashikwa na sumaku ya umeme, swichi iliyo kwenye rejeta ikihisi joto. Umeme unafika kwenye sumaku kupitia kaboni ndogo. Kaboni ikiisha, au waya ukikatika, feni inaelea tu. Kwenye tambarare ya Igawa hutagundua kitu, kwa sababu upepo wa mwendo unatosha. Panda mlima Kitonga na abiria saba, gia ya pili, mwendo mdogo, utaona mshale wa joto unavyokimbia. Hedi ni ya aluminiamu, blok ni ya chuma. Hedi inapinda, gasketi inapiga, maji yanaingia kwenye oili.

Halafu gereji nyingi zikaimaliza kwa kutoijua. Silinda zake ni slivu, yaani mabomba ya chuma yanayotoka kwenye blok, zimezungukwa na maji, na chini zimekaa juu ya sili. Ukifungua hedi ukainyanyua kwa nguvu, slivu inainuka nayo. Ukizungusha krenki hedi ikiwa nje, pistoni inaivuta slivu juu. Sili ya chini inavurugika, unafunga hedi mpya na gasketi mpya, na bado maji yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Njia sahihi ni kuitikisa hedi pembeni mpaka iachie, kisha kuzibana slivu kwa bolti na washa pana kabla ya kugusa kitu kingine. Slivu zote zichomoze juu ya blok kidogo na kwa kipimo kimoja. Iliyozama, gasketi yake haidumu hata ungekaza vipi.

Sasa 109. Chesisi ya chuma, bodi ya aluminiamu, kila kitu kimefungwa kwa bolti, shafti ziko wazi, nafasi ya injini ni kubwa. Injini ya asili ya cc 2286 ikifa, fundi wa kukereza anachonga adapta, unakaa dizeli ya Toyota 3L au Isuzu, na giaboksi na transifa zinabaki za Land Rover. Umakini uko kwenye adapta: mhimili wa krenki na wa giaboksi usipolingana, beringi ya pailoti (ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) inasagika na klachi inatetemeka kila ukiondoka. Na dizeli yenye nguvu kwenye 109 yenye ekseli nyembamba ya nyuma itakata hafu shafti, zile shafti zinazozungusha magurudumu. Tafuta yenye ekseli nzito ya Salisbury.

KITONGA JUU

Fundi amesema ya ufundi, mimi naongeza ya soko. 504 ilianza kuundwa 1968, na kule Ufaransa utengenezaji wa saluni na station wagon ulisimama 1983. Kenya waliendelea kuziunganisha Mombasa kwa miaka mingi baadaye, ndiyo maana spea zilizidi kupatikana. Kwetu mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuleta bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Baada ya hapo Toyota za Japani zilizotumika zikaingia kwa wingi, na maduka ya spea yakafuata wateja. Mwenye duka hawezi kulaza mtaji kwenye gasketi ya 504 inayouzwa mara moja kwa mwaka wakati ya Corolla inatoka kila wiki. Spea ilitoweka kwanza, gari likafuata.

Halafu kuna makaratasi. Zamani kila mwaka ulilipia leseni ya gari, na deni lilikua hata gari likiwa limelala. Ada hiyo ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na madeni ya nyuma yakasamehewa, lakini kufikia hapo magari mengi yalikuwa yameshakatwa. Mengine yalibaki kwenye mirathi isiyofunguliwa: mzee amefariki, kadi ina jina lake, watoto hawajakubaliana, gari liko nyuma ya nyumba linanyeshewa. Mwisho anakuja mnunuzi wa chuma chakavu. Chuma kinapanda lori kwenda Dar kwenye viwanda vya nondo, aluminiamu ya hedi na giaboksi inasubiwa sufuria. Hapo gari limepotea kabisa, hata kama lilikuwa zima kwa robo tatu.

Kwa Land Rover mambo yamegeuka. Tangu tamasha la Arusha la Oktoba 2024 wenye nazo wamejua thamani yake, na hawaziachii ovyo.

MAMA SPEA MWANJELWA

Wanangu, mmeisahau Datsun na Beetle.

Datsun 1200 pikapu haikufa kwa injini. A12 yake ni injini ndogo ya cc 1171, na A14 au A15 ya Vanette inakaa pale bila ugomvi mkubwa. Afrika Kusini waliendelea kuunda pikapu ya ukoo huo kwa injini ya 1400 hadi 2008. Kilichokwisha ni bati. Mvua ya Rungwe inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na tope la Tukuyu likiingia juu ya chesisi pale springi za nyuma zinaposhikwa, halikauki. Kutu inaanzia ndani. Ukiiona nje, ndani pameshabaki karatasi. Wengi walichomelea bati jipya juu ya kutu, wakapaka pati (lami ya kujazia mashimo ya bodi) na rangi, ikaendelea kuliwa chini kwa chini. Dawa ni kukata mpaka chuma cheupe, kuchomelea bati la milimita 2 hadi 3, kisha kumimina oili chafu ndani ya chesisi. Na kila mvua ikipungua, osha chini kwa maji ya kasi.

Beetle ni hadithi ya upepo. Injini haina maji, inapozwa na feni na mabati yanayoelekeza upepo kwenye silinda. Mafundi waliyatoa mabati yale wakiona yanawasumbua, wakatupa na mpira unaoziba kati ya injini na bodi. Hewa ya moto ya chini ikawa inapanda na kuvutwa tena na feni. Silinda namba 3 ndiyo inayoumia kwanza, kwa sababu kwenye injini za kabla ya 1971 kipoza oili kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Valvu ya ekzosi inakatika, kichwa chake kinatoboa pistoni. Blok ni aloi ya magnesiamu. Ikishachemka, matundu ya beringi za krenki yanakuwa ya yai, na mashine ya kuyachonga upya kwa mstari mmoja si kila mji inayo. Mwenye nayo apime nafasi ya valvu (pengo kati ya roka na valvu) injini ikiwa baridi, milimita 0.15, kila kilomita 5,000, na oili lita 2.5 abadilishe wakati huohuo. Mabati yote yawe mahali pake. Bila hayo usipande nayo Kitonga.

NJIA PANDA MAKAMBAKO

Shikamoo mama, na asante sana wakuu. Fundi, kwenye hii 504 nianzie wapi? Na petroli ya sasa isiyo na risasi haitaua valvu?

FUNDI WA SAE

Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Kwa 504 usihofu sana, hedi ya aluminiamu ina siti za valvu zilizopachikwa. Mwenye kuangalia ni wa Land Rover ya petroli yenye hedi ya chuma: nafasi ya valvu ikiwa inapungua kila ukipima, siti inazama, peleka hedi ikawekwe siti ngumu. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.25.

Anza na bodi, kwa sababu injini inatengenezeka. Piga nyundo ndogo chini ya milango, kingo za sakafu, na pale springi za nyuma zinaposhika. Station wagon ina springi mbili kila upande, kagua vikombe vyote vinne. Mlio wa bati nene ni mmoja, wa pati ni mwingine, utausikia. Vioo na lastiki za milango vikiwa vizima, hiyo ni hela kubwa umeokoa.

Injini usiipige stata. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya oili kila silinda, acha usiku kucha, kesho yake zungusha krenki kwa mkono na spana. Ikigoma, rudia oili, usilazimishe. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani kwenye chombo safi: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Tangi lishushwe lioshwe, petroli iliyolala imeshakuwa gundi. Silinda za breki zote zifunguliwe. Safisha rejeta, weka kulanti, usitumie maji matupu, na nunua kifuniko kipya chenye presha sahihi. Mbeya tuko kama mita 1,700, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo kifuniko kilicholegea kinakuchemshia injini ambayo haina kosa.

Feni: unganisha sumaku moja kwa moja na betri. Ikibana, shida iko kwenye swichi ya rejeta. Isipobana, angalia kaboni, kisha pengo la sumaku, ambalo ni chini ya nusu milimita. Wengine huifunga izunguke muda wote. Inakubalika kwa safari, ila Njombe mwezi wa saba injini itachelewa sana kupata joto na itakula petroli.

Kama kabureta ilipangwa Dar, plagi zitatoka nyeusi kwa masizi, kwa sababu huku msukumo wa hewa umepungua karibu moja ya tano. Weka jeti kuu ya petroli iliyo ndogo kidogo kuliko iliyopo, pima tena kwa rangi ya plagi.

KITONGA JUU

Na kabla ya nyundo, omba kadi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari ilingane na ya kwenye kadi. Jina likiwa la marehemu, asiuze mtoto mmoja mwenye haraka. Auze msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Bila hiyo TRA hawabadilishi umiliki, na utakuwa umetengeneza gari la mtu mwingine.