Paka aliyepooza: tumtafutie nyumba au dokta amdunge sindano ya kumuua bila maumivu?

Makucha: Wadau naomba tujadiliane bila matusi. Sisi tunaokota paka wa mitaani, tunawatibu, tunawafunga kizazi, tunawatafutia watu wa kukaa nao. Sasa kuna mmoja kagongwa na gari, miguu ya nyuma imekufa, mkojo hautoki mpaka akamuliwe. Kwenye kikundi tumegawanyika. Wengine wanasema atafutwe mtu wa kumlea hata ikichukua muda, wengine wanasema kizimba anachokaa yeye kingeshapitisha paka wazima kibao, kwa hiyo dokta amdunge sindano apumzike. Na mjue paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, anabeba kama siku 65, wazima hawaishi kuletwa. Nyie mnaonaje?

Sindimba: Mimi niko na wa sindano. Paka ni wa kuruka na kuwinda, huyo atajiburuza mpaka lini? Na tuseme ukweli, wengi mnaong'ang'ania paka wa namna hii ni watu ambao nyumbani hamna mtoto wa kulea, mnatafuta pa kumwagia huruma.

Nuru_Alasiri: Sindimba hapo umenigusa pabaya. Mimi nina watoto, na wa mwisho anatembelea kiti cha magurudumu, na kwenye nyumba hiyohiyo kuna paka anayeyumba. Mama yake aliugua kile kirusi cha panleukopenia akiwa na mimba, kwa hiyo ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani haikukua sawasawa. Akitaka kula anatanua miguu yote minne kwanza ndio ashuke, kichwa kinacheza kushoto kulia, anaikosa sahani, anarudi tena, na hakuna mtu anamsaidia kwa sababu hataki kusaidiwa. Hali yake haiumi wala haizidi, alivyozaliwa ndivyo atakavyokuwa mpaka uzeeni. Huruma yangu haijakosa pa kwenda, usinisemee.

Sindimba: Mwanao sijamtaja, umemleta mwenyewe. Nimesema WENGI.

Kobe Mwendo: Hao wengi umewahesabu wapi mkuu? Na hata asiye na mtoto, kosa lake nini? Mtu mzima ana nafasi, ana muda, ana moyo, kamchukua kiumbe ambaye hakuna anayemtaka, halafu anasemwa tumbo lake. Dada yangu ameambiwa hayo maneno maisha yake yote, basi inatosha jamani.

Sindimba: Haya sasa imekuwa dada. Mada ni paka aliyepooza.

Kobe Mwendo: Uliyeleta watoto ni wewe.

Tausi wa Juu: Mimi tatizo langu ni hizi video. Mtu anamchukua kipofu au wa miguu mitatu ili apate laiki, akichoka humwoni tena. Si ndio kama yule wa Marekani aliyekuwa ulimi nje muda wote, alikufa 2018 sijui, walimfanyia biashara mpaka basi.

Ukucha Mmoja: Lil Bub, alikufa Desemba 2019. Alizaliwa kibeti na ana maradhi ya mifupa, na kwa jina lake zilichangwa zaidi ya dola 700,000 kusaidia wanyama, wakiwemo hao wenye mahitaji maalumu. Kama huo ni unyonyaji naomba wanyonyaji waongezeke. Na wa miguu mitatu msimweke kundi moja na aliyepooza, yule kidonda kikishapona anapanda kabati kuliko wangu mwenye minne. Kipofu naye anajua njia kwa masharubu na kumbukumbu, usimhamishie tu viti kila siku.

Bandika Bandua: Mimi swali langu ni wale wenye ukimwi wa paka. Mnawagawa kwenye nyumba zenye watoto, mtoto akikwaruzwa je? Mbona hilo hamlisemi?

Ukucha Mmoja: Hatulisemi kwa sababu halipo. Kile kirusi kiligunduliwa California mwaka 1986, mpaka leo hakijamwambukiza binadamu. Hata paka kwa paka kinapita zaidi kwenye jeraha la kung'atana kwa nguvu, ndio maana wanaokipata sana ni madume wa mitaani wagomvi. Dume akishahasiwa akatulia anaweza kuishi miaka na wenzake. Wewe unachanganya na kirusi kingine, lukemia ya paka pengine, hiyo ndiyo inapita kwa mate, kulambana, kula chombo kimoja. Mwenye lukemia ndiye wa kumtenga, na wazima wachanjwe, chanjo ipo.

Bandika Bandua: Sijachanganya chochote. Nimeuliza kwa niaba ya wazazi.

Nuru_Alasiri: Mzazi mwenzio nimesoma swali lako, mwanangu analala na paka miguuni na yuko salama.

Mtu wa Kati: Wote mnapita pembeni. Ubaya sio ulemavu, ubaya ni uongo. Mimi nilipewa paka na watu wa uokoaji, nikaambiwa anakojoa hovyo kwa sababu ya ugeni, akizoea ataacha. Hakuacha. Dokta akamshika mkia, akaniuliza huyu aliwahi kuvutwa au kukanyagwa mkia? Kumbe mshtuko ule ulivuta mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye kibofu, mkojo unamwagika wenyewe hana habari. Nikarudi kwa walionipa, wakasema walijua, ila "tungekwambia usingemchukua". Nikamrudisha. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nuru_Alasiri: Ukamrudisha?? Alikuwa amekuzoea, anaijua sauti yako, halafu anarudi kizimbani kwa kosa la watu wengine. Wangekwambia au wasingekwambia, paka ni yuleyule.

Mtu wa Kati: Ni yuleyule, ila mimi ningejipanga. Ningenunua pampasi, ningeuliza dokta, ningeongea na wenzangu nyumbani kabla. Mlinipa tatizo bila kunipa taarifa, halafu mnaniita sina moyo. Nyie ndio mnawafungia milango hawa paka, mtu akidanganywa mara moja harudi tena, na majirani zake anawaambia.

Tausi wa Juu: Hapa Mtu wa Kati amesema.

Kobe Mwendo: Amesema, ila kumrudisha hapana. Hilo sitalikubali.

Ukucha Mmoja: Makucha, turudi kwa mgonjwa wako. Dokta alimbana vidole vya miguu ya nyuma kwa nguvu? Mguu kujivuta tu haitoshi, huo unaweza kujivuta wenyewe. Akigeuka au akalia, maumivu yanafika kwenye ubongo na kuna matumaini. Asipohisi kitu uwezekano wa kutembea tena ni mdogo, lakini hapo bado hujajibu kama anaweza kuishi. Kibofu kikikamuliwa vizuri mara 2 au 3 kwa siku, ngozi ikaoshwa mkojo usimchome, akawekwa sakafu isiyomchubua, wapo wanaokaa miaka. Kikiachwa kimejaa maambukizi hayakawii, na hapo sindano ni huruma kweli. Kwa hiyo usiulize kama anafaa kuishi, uliza kama kuna mikono ya kila siku.

Makucha: Alibanwa, hakugeuka. Kula anakula, na akisikia mlango anajiburuza kuja. Kuna mtu ameniandikia pembeni anamtaka, anaishi peke yake na kazi anafanyia nyumbani. Wenzangu wanataka tumwonyeshe picha kwanza amzoee, habari ya mkojo ije baadaye.

Mtu wa Kati: Mnaona sasa. Yaleyale.

Makucha: Subiri nimalize. Mimi nimekataa. Anakuja Jumamosi, nitamshikisha mwenyewe. Unamsimamisha paka, mkono mmoja unamshika kifuani, mwingine unapita chini ya tumbo mpaka ukikute kibofu, kimekaza kama chungwa dogo, unabana taratibu kuelekea mkiani mpaka kilegee. Akiweza na akiwa bado anamtaka, amchukue. Tena nimemwambia akishindwa hata baada ya mwezi amrudishe kwetu, asimtupe wala asione haya.

Nuru_Alasiri: Hiyo ya kumrudisha ungeitoa. Ukimpa mtu mlango wa kutokea atautumia.

Mtu wa Kati: Bila huo mlango hata kuingia haingii.

Sindimba: Na yule paka mzima asiye na kizimba anasubiri wapi wakati mnafundishana kukamua? Hilo mpaka sasa hakuna aliyenijibu.

Kobe Mwendo: Jibu kwanza la dada yangu.