Tupeane uzoefu: ulikuwa wapi siku Beit al-Ajaib lilipoanguka?

Assalaam alaykum jamani. Mwanangu kazaliwa 2021, jengo zima la Beit al-Ajaib, lile kasri la kale la masultani wa Zanzibar pale Mji Mkongwe, analijua kwa picha ya ukutani kwa bibi yake tu. Kila akiitazama ananiuliza, nami namhadithia hadi namaliza maneno. Naomba kila mwenye chake aandike hapa, nimwekee.

Naanza mimi. Ijumaa, 25 Disemba 2020, nilikuwa Shangani kwa mama, nachambua mchele kwenye sinia. Kikapiga kishindo, nikadhani meli imegonga gati. Halafu vumbi jeupe likaingia dirishani, likatua juu ya mchele. Mama alitoka na kanga moja begani, hajawahi kutoka hivyo maisha yake. Aliporudi alisema neno moja tu: "Saa." Ule mnara wa saa ulikuwa umekwenda chini pamoja na upande mzima wa jengo. Watu wawili walikufa kwenye kifusi, Mungu awarehemu. Mchele ule tuliuosha mara tatu, mwisho tukaumwaga.

Mwashi wa zamani
Wa alaykum salaam mwanangu. Miye nilikuwa Ng'ambo, sikusikia kishindo, nilipigiwa simu. Nilikaa kitako.

Nimefanya uwashi Mji Mkongwe miaka mingi. Zile kuta ni jiwe la matumbawe, udongo na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Kuta hizo zinapumua: mvua ikiingia, jua linaitoa. Ukija na saruji ukaipaka juu, maji yanabaki ndani. Niliitwa nyumba moja Malindi, nje inang'aa kama yai. Nikabandua kipande cha saruji, nikatia kidole gumba ukutani, kikazama hadi kwenye fundo. Chokaa imekuwa unga mtupu.

Na Beit al-Ajaib lilikuwa na uzito wake. Sultani Seyyid Barghash alilijenga 1883, dari ndefu, roshani pana pande zote, zimesimama juu ya nguzo za chuma. Chuma na upepo wa bahari hawapatani. Mwaka 2012 roshani ilipoanguka kipande, wengi tuliokuwa kwenye kazi hii tulishtuka. Lililoniuma zaidi ni kuwa lilianguka likiwa kwenye matengenezo.

Binti wa Mkunazini
Skuli walitupeleka makumbusho yaliyokuwa humo Beit al-Ajaib. Nakumbuka mtepe pale uani, jahazi la kushonwa kwa kamba, halina msumari hata mmoja. Mwalimu alituambia tuhesabu mishono. Nilifika mia na kitu, tukaitwa kuondoka.

Mjukuu wa Bububu
Mama mtoto, kuhusu saa: mwambie kijana kuwa mnara wa mwanzo ulikuwa mbele ya jengo, umesimama peke yake. Waingereza waliupiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896, vita havikufika hata saa moja. Kasri za jirani ziliharibika, Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Baadaye ndipo mnara mpya wenye saa ukawekwa kwenye jengo lenyewe. Huo ndio aliousema mama yako.

Na jirani yake, Ngome Kongwe, ndipo treni ya Bububu ilipoanzia. Kampuni ya Kimarekani iliijenga 1904 hadi 1905, maili saba. Marehemu babu aliipanda akiwa mtoto. Alikuwa akinionesha kwa mkono: ukikaa dirishani, nyumba za mjini unazigusa ukuta. Magari yalipozidi, ikapoteza abiria, na miaka ya 1920 ikafa. Babu kila akipita Ngome alikuwa akipunguza mwendo, na mimi namvuta mkono twende. Leo napita pale na mimi napunguza. Sijaona hata kipande cha chuma cha reli.

Mchumaji wa Wete
Sisi wa Pemba tulikuwa tukishuka bandarini, kitu cha kwanza macho yanakitafuta ni jengo lile. Mara ya kwanza kuja baada ya kuanguka, nilihisi boti imetuteremsha mji mwengine.

Mwenye mada
Allah awalipe. Mzee mwashi, nauliza: chokaa mlikuwa mnailoweka muda gani? Kijana atauliza tu, namjua.

Mwashi wa zamani
Miezi mitatu, ndivyo nilivyofundishwa. Kivulini, na maji yaifunike juu, isikauke hata siku moja. Ninalo pipa moja hadi leo. Mlete Jumamosi asubuhi, avae nguo za kuchafua.