Kipimo cha wiki 6 kimetoka hasi, kwa nini mtoto apimwe tena?

Swali: Habari wakuu. Mama ana VVU na anatumia ARV tangu kabla ya mimba. Mtoto alipewa sirapu ya nevirapini (dawa ya kumkinga na VVU) kwa wiki 6, akapimwa, majibu hasi. Bado ananyonya. Kwa nini anatakiwa kupimwa tena? Na maji kidogo anaruhusiwa?

Jibu 1: Kipimo hicho kinatafuta virusi vyenyewe kwenye matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi. Kinakuambia kama aliambukizwa tumboni au wakati wa kuzaliwa, basi. Maziwa ya mama ni njia nyingine ya kuambukizwa, na mtoto bado ananyonya. Kwa hiyo hurudiwa akifika miezi 9, kisha kipimo cha kingamwili (askari wa mwili wanaotengenezwa dhidi ya virusi) akiwa na miezi 18, au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya ikiwa hiyo itakuja baadaye. Msimpime mapema kwa kipimo cha haraka cha watu wazima mkaamini majibu chanya: kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na zinaweza kubaki kwa mtoto hadi miezi 18.

Jibu 2: Maji hapana, mpaka atimize miezi 6. Uji, maji na maziwa mengine vinaweza kuukwaruza utumbo wake mchanga na kuwapa virusi upenyo. Dawa aliyoandikiwa apewe. Chuchu ikipasuka au titi likipata usaha, anyonye la upande wa pili. Lenye shida likamuliwe, maziwa yamwagwe, mama aende kliniki.

Jibu 3: Hayo yote yanategemea wingi wa virusi wa mama. Akiruka dozi kwa siku kadhaa virusi hupanda tena, na hapo majibu ya wiki 6 hayamlindi mtoto. Aseme kliniki bila kuona haya, maana huenda mtoto akarudishiwa dawa ya kinga.

Kwa wanaoanza sirapu: mtoto wa kilo 2.5 na zaidi hupewa mililita 1.5 mara moja kwa siku (ile ya miligramu 10 kwa mililita). Tumieni sirinji. Kijiko cha chai ni mililita 5, zaidi ya mara tatu ya dozi! Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Na kotrimoksazoli (dawa ya kuzuia maambukizi mengine) inayoanzwa akiwa na wiki 6 isiachwe kwa sababu tu majibu ni hasi. Inaendelea mpaka kliniki ithibitishe kuwa hana VVU baada ya kuacha kunyonya.