Pasheni ya njano inachanua sana lakini haishiki matunda (Mingoyo, Lindi)

Mwanamingoyo: Wakuu, nina mashina 30 ya pasheni ya njano, yote kutoka vipande vya shina moja lililokuwa likizaa vizuri. Yamejaa kwenye waya, nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanakuja kila mchana, lakini maua yananyauka na kudondoka. Samadi nimeongeza. Ni joto?

Kitalu_Kusini: Joto limesingiziwa. Mashina hayo 30 kijenetiki ni mmea mmoja, na pasheni ya njano hukataa chavua yake yenyewe: stigma (ncha ya ua inayopokea chavua) ikikuta aleli (matoleo) za jeni S, ile inayotambulisha chavua, zinazofanana na zake, inazuia mrija wa chavua usiendelee. Nyuki anahamisha chavua ileile tu. Ya zambarau kwa kawaida hujichavusha, kwa hiyo ushauri wa wanaolima hiyo huko Njombe usikuchanganye.

Jaribu kwanza. Asubuhi funika vitumba 20 vilivyovimba kwa mifuko ya karatasi. Maua hufunguka kuanzia kama saa sita mchana. Ngoja shingo za stigma ziiname, na zilizobaki wima ziache. Maua 10 yapake chavua ya shambani kwako, 10 ya shina la jirani lenye asili tofauti. Paka stigma zote tatu kwa wingi, kwani kila mbegu hubeba kifuko chake cha juisi. Chavua kidogo, tunda tupu. Funika tena. Mvua ikinyesha ndani ya saa mbili, rudia, maana chavua ikilowa hupasuka.

Mwanamingoyo: Basi nioteshe mbegu za tunda moja la jirani?

Jeni_na_Jembe: Hapo utapunguza tatizo, hutalimaliza. Kila mmea una aleli mbili za S, tuzipe namba: S1S2 akizaa na S3S4, watoto ni S1S3, S1S4, S2S3 na S2S4. Kwa pasheni kinachohukumu zaidi ni aleli za mmea uliotoa chavua, si za chembe ya chavua yenyewe. Kama hakuna aleli inayoifunika nyenzake, S1S3 ataelewana na S2S4 peke yake, yaani robo ya ndugu zake. Changanya mbegu za matunda ya mashamba matatu au manne. Using'oe chochote, miche mipya ipenyeze katikati ya mashina ya zamani.

Kitalu_Kusini: Na kama umepakana na mikorosho, ombeni dawa ya wadudu isipulizwe mchana. Ndio muda nyuki hao wako kwenye maua yako.