Mnawaita watoto wa uswahilini wahuni kisa lugha, halafu mabango yenu mnaandika kwa lugha yao hiyohiyo

Wakuu, leo sina salamu ndefu, hii kitu imenifika hapa.

Kila ikikaribia tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, wanaanza walewale na hotuba zilezile. Vijana wa Dar wanaharibu Kiswahili, vijana wa Dar wanaongea kihuni, makonda na bodaboda wameua lugha. Mtu anayasema hayo kashika maiki, kavaa suti, na ndani ya hotuba hiyohiyo kajaza stekiholda, fidibeki, akshuali, so, yaani kila baada ya maneno matatu lazima adondoshe moja la Kiingereza, na hakuna hata mmoja ukumbini anayemwambia mzee nawe unaharibu. Yeye ni msomi.

Hapo ndo hasira yangu ilipo. Tunachanganya wote. Ofisini bosi anasema "tumiti kesho tudiskasi bajeti halafu uniapdeti", anapigiwa makofi na cheo anapanda. Dogo wa stendi akimwambia dereva "suka, hesabu ya tajiri bado, tupige tripu moja ya fasta" anaambiwa hana malezi. Wote wamechota nje ya Kiswahili wakachanganya na cha kwao ili kazi iende, tofauti ni mmoja anatoka Masaki kwa wenye nazo, mwingine Kivule uswahilini.

Nina mtoto wa mama mdogo kakulia hukohuko Kivule, kasomea mambo ya ugavi na stoo, cheti anacho. Kaitwa intavyuu kampuni moja hapa mjini (jina silitaji). Wakamuuliza ukikuta mzigo umepungua stoo utafanyaje. Kajibu "bosi, kwanza nakomaa na daftari nijue mzigo umechomokea wapi, kabla sijamuuzia mtu kesi". Sasa niambieni nyie mnaojua stoo, hilo jibu lina kosa gani? Angalia kumbukumbu kwanza, usimtuhumu mtu bila ushahidi. Mmoja wa waliokuwa wanamsaili akacheka, akamwambia "kijana, hapa sio kijiweni", basi, wakafunga faili. Baadaye mtu wa ndani kamwambia ukweli kwamba kwenye kazi alikuwa vizuri ila "lugha yake haiendani na taswira ya kampuni".

Taswira ya kampuni! Bango lao kubwa lipo barabarani, limeandikwa kula bata bila stresi, na picha ya kijana kavaa kofia kageuza nyuma. Hiyo "kula bata", yaani kustarehe, mmeitoa wapi kama sio kijiweni? Mnachukua maneno ya hawa watoto mnauzia bidhaa, mtandao wa simu unauita mkopo wake Bustisha, redio zinatangaza kimtaa asubuhi mpaka usiku, wanasiasa kipindi cha kampeni wanacheza singeli jukwaani, singeli hiyohiyo iliyotoka Manzese na Tandale ikaitwa muziki wa wahuni miaka kibao. Faida mnakula nyie. Mwenye maneno akija kuomba kazi ya stoo mnamfungia mlango.

Na hii lugha haikushuka toka mbinguni. Sensa ya 1967 jiji la Dar lilikuwa na watu laki 2 na elfu 70 na ushee. Sensa ya 2022 mkoa umehesabiwa watu 5,383,728. Nani aliwapangia hawa watu pa kukaa? Viwanja vya wazee Kariakoo na Magomeni vimeuzwa yamepanda maghorofa, watoto wao wakahamia Mbagala, wajukuu sasa wako Chanika na Msongola, huku kazi zimebaki Posta na Kariakoo. Nyumba moja ya kupanga huku kwetu ina Mmakonde, Msukuma, Mhehe, Mndengereko na mwenye nyumba Mzaramo, choo kimoja, koki moja ya maji. Watoto wanaokulia uani hapo kilugha cha baba wanakijua nusunusu, Kiingereza wanakisikia kwenye simu, Kiswahili ndo chao, na lazima kipindike kibebe mambo yote yanayowakuta. Mlitaka waongee kama taarifa ya habari wakati wanagombania ndoo?

Njooni Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri muone. Watu wanageuza na gari, yaani unapandia linakotoka, unazunguka nalo na unalipa nauli mara mbili ili upate siti tu. Konda yuko mlangoni mguu mmoja ndani mwingine unaning'inia, anagonga bati, anakusanya jero (mia tano) na buku (elfu moja) huku anakumbuka nani anashuka Banana nani Tazara, anaongea na suka kwa maneno mafupimafupi kwa sababu hana muda wa sentensi ndefu. Akipanda mama mtu mzima, huyohuyo konda anasema "shikamoo mama, mpisheni bi mkubwa akae jamani". Ameshabadilisha! Anajua kabisa nani anaongea naye vipi. Hiyo ni akili na ni adabu, na hao mnaowaita hawana lugha wanaifanya kutwa nzima.

Nyie wenyewe mnatumia bila kufikiri. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza vita ya kwanza ya dunia, Carrier Corps, wazee wetu wakaligeuza kwa ulimi wao. Daladala imetoka kwenye dala, shilingi tano ya nauli ya miaka ya themanini, na dala yenyewe imetoka kwenye dola. Leo daladala iko kwenye kamusi, na zote mbili ziko kwenye barua za serikali. Vijana wa wakati huo nao waliitwa wahuni, tena 1983 ikaja Nguvu Kazi, kijana akikutwa mjini hana kitambulisho cha kazi anakamatwa anarudishwa kijijini akalime. Tabia ya jiji hili kuona kijana maskini ni uchafu wa kufagiwa haijaanza leo, 2021 tumeona wamachinga wanaondolewa barabarani. Kwenye lugha ni mwendo uleule.

Halafu njoo kwenye shule, hapa ndo nashindwa kabisa kuelewa. Mtoto wa kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akifika fomu wani anakuta karibu kila somo Kiingereza, biolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, mwalimu mwenyewe anachanganya ili aeleweke. Anakaa miaka minne anakariri. Anatoka Kiingereza hana, Kiswahili cha kuandika barua rasmi hakuna aliyekaa naye akamfundisha vizuri, kilichobaki kinachomfaa kila siku ni kile cha mtaani. Mmemnyang'anya viwili kisha mnamshitaki kwa cha tatu. Sheria ya kutumia Kiswahili mahakamani imebadilishwa juzi tu hapo, 2021, Baraza la Kiswahili lipo tangu 1967. Miaka yote hiyo, ukitoa mahakama za mwanzo, mwananchi anahukumiwa kwa hukumu iliyoandikwa Kiingereza na hatukusikia hotuba za hasira namna hii. Mpaka leo mikopo mingine ya kwenye simu masharti yake unakuta kurasa na kurasa za Kiingereza, mama lishe anabonyeza nakubali hajui kakubali nini. Huko ndo Kiswahili kinakouawa, nendeni mkawafokee wale.

Kuna mtu atakuja hapa kuniambia matusi. Matusi ni matusi, siyatetei, na Masaki wanatukana pia. Mwingine atasema mtihani wa Kiswahili watoto wanaandika kimtaa. Sawa, mfundisheni, mpeni vitabu, darasa lisiwe na watoto mia na kitu na mwalimu mmoja. Kumcheka hakumfundishi chochote.

Sasa nyie wa HR, mnaoajiri watu, mliomo humu, na najua mpo wengi, nijibuni bila kuzungukazunguka. Huo mwongozo unaosema mtu wa stoo akose alama kwa kusema "nakomaa" umeandikwa wapi? Na aliyeandika lile bango mlimsaili kwa lugha gani?